Shangazi Bilha Haingii Bila Kualikwa

Shangazi yangu Bilha ni mpishi wa shule. Anayetaka kumjua vizuri amwangalie akigawa maharagwe: hakuna anayeongezewa na hakuna anayepunjwa, hata awe mtoto wa mwenyekiti wa bodi. Kwa miaka ishirini na mbili aliwapikia wanafunzi karibu na Kibabii, akirudi nyumbani jioni ananuka moshi, na kwa mshahara huo huo akamlea Viola peke yake baada ya mumewe kufariki. Ni mtu wa kanuni. Sisi wapwa wake tulimwogopa kuliko mchungaji, na mchungaji wetu alikuwa na sauti.

Mwaka wa 2004 alikuwa na miaka hamsini na sita, na hakuwa amewahi kuvuka Eldoret.

Viola, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa na Kibe, kijana Mkikuyu aliyezaliwa Kiminini, pale unapokaribia Kitale ukitoka kwetu Bungoma. Wazazi wake, Mzee Mathenge na Mama Kabura, walilima mahindi huko tangu zamani. Kibe mwenyewe aliendesha greda katika kampuni ya kujenga barabara. Barabara ikisonga, anasonga nayo, na Viola nyuma yake na godoro. Kila mwisho wa mwezi Viola alikuwa akitafuta kibanda cha simu, anapiga kwa Hillary, jirani yetu mwenye duka, na Hillary anamwita shangazi.

Mwezi wa Machi alipiga akasema ana mimba, ya kwanza. Shangazi akasema anakuja. Viola akamkataza. "Mama, usije kwanza. Ngoja nitakuambia."

Kisha kimya. Aprili, Mei, Juni, Julai.

Hapa lazima nimtaje Hillary vizuri. Simu yake iliibwa sokoni Chwele mwezi ule ule wa Machi, akanunua nyingine yenye namba mpya, na wala haikumpitia akilini kwamba kuna mtu mwingine duniani aliyeitegemea ile ya zamani. Hadi leo nikienda kununua sukari kwake namkumbusha.

Shangazi aliyajua hayo ya simu, lakini hayakumtuliza. Alisema mtu akiwa hai hutafuta njia, na barua si zipo? Dada yake mkubwa alifia uzazi, kwa mtoto wa kwanza, na shangazi ndiye aliyeuosha mwili. Kufikia Julai alikuwa halali. Alikuwa akizima moto wa jiko la shule saa kumi na mbili, halafu anakaa kizingitini kwake mpaka majogoo. Alitaka kujua neno moja tu: Viola yuko hai au hayuko.

Mimi, kwa ujinga wangu wa ujana, nikamwambia, "Shangazi, si upite tu Kiminini uulize kwa kina Kibe?"

Alinitazama kana kwamba nimemwambia atembee uchi. "Niingie kwa watu bila kuitwa? Mikono mitupu? Ati nimekuja kuuliza mtoto wangu ako wapi? Utaniaibisha wewe."

Ndivyo ilivyo kwetu. Mama wa msichana haingii boma la wakwe mpaka waje wamwalike kwa heshima, na siku hiyo akienda, anaenda amebeba kitu. Na kulala chini ya paa moja na mume wa binti yake, hilo hata usiliseme kwa sauti. Mwacha mila ni mtumwa, na shangazi hakuwa na mpango wa kuwa mtumwa wa mtu. Kwa hiyo akaamua kwenda kuuliza kazini kwa Kibe, popote hiyo greda ilipo, akianzia yadi ya kampuni Nakuru. Wengine huzunguka mbuyu. Shangazi yangu aliamua kuzunguka nchi.

Shule ilipofunga Agosti, akajiandaa kusafiri bila kulipa. Alichemsha viazi vitamu, akakaanga njugu, akakunja blanketi. Mchungaji akamwandikia barua yenye muhuri wa kanisa, kwamba huyu ni dada yetu mwaminifu, apokewe. Na Jotham, mzee wa kanisa mwenye kuendesha lori, alikuwa akienda Kitale kupakia mahindi ya kupeleka Nakuru, akampa nafasi ya mbele.

Jotham anasema walipofika kwenye njia ya udongo inayoingia kwa kina Kibe, shangazi aligeuza uso na kutazama mahindi ya upande wa pili kana kwamba hajawahi kuona mahindi maishani. Kitale walikaa mchana kutwa magunia yakipakiwa. Alikaa chini ya kivuli cha lori, mwendo mfupi kutoka kwa watu waliokuwa na jibu lake, akila viazi. Magharibi wakaondoka.

Nakuru barua ya kanisa ilifanya kazi. Mama mmoja aitwaye Jepkemboi aliisoma mara mbili, akaangalia muhuri, kisha akaangalia miguu ya shangazi ilivyovimba, akampikia ugali bila swali lingine. Asubuhi akamsindikiza mpaka yadi ya kampuni. Pale wakamwambia Kibe alihamishiwa Nyahururu tangu mwaka uliopita.

Akapanda lori la mbolea. Nyahururu ni baridi, na kanisa letu halikuwa na tawi huko, kwa hiyo muhuri wa mchungaji haukuwa na maana. Shangazi akaenda hospitali. Alikuwa amegundua njiani jambo ambalo wasafiri wenye pesa hawalijui: mama mzee mwenye blanketi akikaa kwenye benchi la hospitali, hakuna anayemuuliza amekuja kumwona nani. Alilala hapo. Alfajiri akamwomba muuguzi wa wodi ya wazazi amtafutie jina kwenye daftari. Viola hakuwemo. Akashukuru, akazunguka nyuma, mpaka kile chumba cha mwisho ambacho huwa hakina foleni, akauliza na huko pia. Hakuwemo. Alipotoka pale akaenda kuulizia greda kwa wajenzi wa barabara, wakamwambia imehamia Nanyuki.

Mji huo una maporomoko ya maji ambayo watu hutoka mbali kuja kuyaona. Yeye aliyasikia tu, akiwa barabarani akingoja msaada wa kwenda Nanyuki. Mlima Kenya aliuona vizuri, asubuhi, na theluji yake juu kama unga uliomwagika. Nilimuuliza alihisi nini. Alisema alihisi njaa.

Kambi ya barabara ilikuwa nje kidogo ya Nanyuki. Mtunza stoo, mwanamume mpole aitwaye Wahome, alimkuta amesimama langoni.

"Kibe wa greda? Huyo alitoka hapa Aprili, mama. Aliachana na hii kazi. Bibi yake alikuwa mzito, wakasema mtoto azaliwe nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Si ni kwao Kitale? Huko Kiminini."

Shangazi aliketi juu ya mfuko wa saruji. Wahome alidhani amekasirika kwa kuzungushwa, lakini yeye alikuwa akitafuta nguvu za kuuliza lile lingine.

"Na huyo bibi yake. Alizaa salama?"

"Aliondoka hapa akiwa sawa kabisa. Hiyo ya kuzaa, mama, sijui. Wacha nisikudanganye."

Kurudi kulichukua siku mbili. Viazi vilikuwa vimekwisha, akala njugu. Alilala tena kwa Jepkemboi, akapata lori lingine, na siku ya saba tangu aondoke, saa tisa mchana, akashuka kwenye ile njia ya udongo. Akatembea kati ya mahindi marefu mpaka kwenye lango la Mzee Mathenge. Akasimama nje. Uchungu wa mwana ulikuwa umemfikisha hapo. Kumwingiza ndani ulishindwa.

Mama Kabura alikuwa uani akipepeta maharagwe. Alinyanyua kichwa, akaona mwanamke mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mama Viola? Ngai! Ni wewe? Ingia, ingia!"

"Siingii, Mama Kibe. Sijaalikwa, na sina kitu mkononi. Nimekuja kuuliza neno moja nirudi. Viola ako hai?"

Kabura aligeuka akaita kwa nguvu kuelekea nyuma ya nyumba, "Viola! Kuja haraka!"

Shangazi anasema katika safari yote, pamoja na lile benchi na kile chumba cha nyuma, hapakuwa na mwendo mrefu kama ule wa jina hilo kuzunguka nyumba na mtu kutokea. Kisha Viola akatokea, mnene kuliko alivyokuwa, ana sabuni mikononi na mtoto mgongoni.

Shangazi aliketi palepale barabarani. Alilia kwa sauti, bila aibu, kwa furaha ambayo anasema ilimuuma mbavu. Viola akamwekea mtoto mapajani, mvulana wa wiki tano, Mathenge mdogo. Mtoto naye akalia. Kabura akaona hawa hawatanyamaza leo, akaenda kuchemsha chai.

Lakini kuingia, shangazi alikataa kabisa. Basi Kabura akabeba kigoda, akabeba meza ndogo, akabeba birika, akavitoa vyote nje ya lango na kuvipanga kando ya barabara. "Wewe hutaki kuingia kwangu," alisema, "haya, mimi nimetoka."

Hapo, juu ya chai, mambo yakaanza kueleweka. Viola alikuwa ameandika barua mbili kwa sanduku la posta la shule. Moja tuliikuta baadaye stoo, kati ya risiti za maharagwe. Nyingine hadi leo hatujaiona. "Usije kwanza" ilikuwa kwa sababu kule Nanyuki walikaa chumba kimoja, na Viola hakujua angemlaza mamake wapi. Na tangu warudi Kiminini, Kibe alikuwa akijenga chumba pembeni, chenye mlango wake na paa lake, cha mama mkwe peke yake, na aliapa hamwaliki mpaka bati la mwisho lipigwe misumari. Lilipigwa. Jumamosi akaenda Kibabii na mjomba wake kumwalika rasmi, wakakuta kufuli. Shangazi alikuwa Nyahururu.

Wakiwa bado wanasema hayo, Kibe mwenyewe akatokea kwenye kona na baiskeli. Alipomwona mama mkwe ameketi kando ya njia, akakumbuka yote aliyofundishwa na Viola kuhusu heshima ya kwetu, kwamba mkwe humpisha mama mkwe, akaingia ndani ya mahindi, yeye na baiskeli. Wakabaki wanaona mabua yanatikisika. Shangazi alicheka mpaka chai ikamwagika.

Alipomaliza kucheka, alifungua kifundo cha leso kiunoni. Mimi siku zote nilidhani alisafiri vile kwa sababu hana kitu. Kulikuwa na noti zilizokunjwa vizuri, akiba yake yote ya chama. Hakuwa amegusa hata moja.

"Mama, ulikuwa na pesa na ukalala kwa benchi?" Viola aliuliza.

"Hii ilikuwa ya gari."

"Gari gani?"

"Ya kukurudisha nyumbani. Sikujua nitakukuta aje."

Viola alifunika uso kwa mikono yake. Kabura ndiye aliyezichukua zile noti, akazitazama, akamrudishia shangazi mkononi na kuufunga mkono huo kwa mikono yake miwili.

"Mama Viola, mimi nakualika, leo, mbele ya barabara hii," alisema. "Jirani yangu pale anauza kuku. Enda ununue na hizo, uingie kwangu mkono umejaa."

Shangazi akaenda akanunua majogoo wawili wakubwa, hakuomba kupunguziwa bei, akaingia langoni akiwa amewakwapata mmoja kila kwapa. Wakamwonyesha chumba chake. Kilinuka mbao mpya. Akalala saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado juu, mtoto ubavuni, na Kabura akawakataza watu wote wa boma kumwamsha.