Nilibonyeza mara mbili, rafiki yangu akaenda ziwani

Admin, nifichie jina na shule yangu, maana Mwanza ni ndogo na haya hata mke wangu hayajui.

Mimi ni mwanaume wa miaka 38, naishi Buswelu, nafundisha fizikia sekondari. Kwa miaka mitatu mimi na mwalimu mwenzangu, nimwite Ouma, tulitengeneza programu ya kufundishia fizikia ya vitu vidogo kabisa visivyoonekana kwa macho. Wataalamu wanakubaliana hesabu zake ila wanabishana zina maana gani, na sisi tulitaka mwanafunzi auchezee huo ubishi kwa kidole. Tukaweka samaki mmoja, sato, na migono miwili, ile mitego ya samaki ya kusuka. Unabonyeza, sato anaingia. Tafsiri ya kwanza inasema sato hayumo katika mgono wowote mpaka ufungue uangalie. Ya pili inasema alishaingia mmoja tangu mwanzo, ni wewe tu hujajua. Ya tatu ndiyo Ouma aliipenda: ameingia yote miwili, dunia imegawanyika, kuna wewe unayemkuta kushoto na wewe mwingine unayemkuta kulia. Tulibishana mpaka chai inapoa. Mimi nilishika ya pili, akawa ananiita mzee wa kijiji.

Ikafika mahali kila jambo tunaamua kwa sato. Nani akanunue maandazi, nani asimamie mtihani, tunabonyeza. Kushoto mimi, kulia yeye. Ulikuwa utoto wa watu wazima, lakini tuliuheshimu: ukibonyeza umebonyeza.

Siku moja ilibidi mmoja wetu avuke kwenda kisiwani kuijaribu programu kwa wanafunzi wa huko. Ouma alitoka nje kupokea simu, akasema nibonyeze tu, anakuja. Nikabonyeza. Kushoto. Mimi naogopa maji tangu mdogo, na asubuhi ile upepo ulishaanza. Nikatazama mlango, nikabonyeza tena. Kulia. Aliporudi akaona kioo cha kishikwambi, akacheka, akasema, "Sato ameamua." Akachukua begi lake akaenda.

Mtumbwi wao ulipinduka kabla ya kufika. Abiria wenzake waliokolewa. Ouma hajapatikana, huu mwezi wa nne.

Mkewe aliacha kula, akaacha hata kusema. Mimi kwa hatia yangu nikampelekea kile kishikwambi chetu cha kazi, kwa kuwa ndicho chenye ile programu, na sauti ya Ouma akiieleza tafsiri ya tatu. Nikamwambia wapo wasomi wanaoamini kwamba mahali fulani sato yuko salama. Mimi mwenyewe siiamini. Lakini siku ile alikula ugali, nikajiona nimefanya jambo.

Sasa kwao Rorya, mtu akipotelea ziwani huzikwa tunda refu la mti wa mwegea badala ya mwili, ndipo msiba umalizike. Wazee wamepanga Jumamosi hii. Shemeji, mke wa Ouma, amekataa, anasema hazikwi mtu ambaye yupo. Anashinda anabonyeza. Baba mkubwa wa Ouma alikuja kwangu, nikamwamkia, marahaba yake ilichelewa. Akaniambia, "Mwalimu, kile kitu ulimpa wewe. Nenda ukamwondolee. Yeye sisi hatusikilizi tena."

Jana nikaenda kwa shemeji. Nikamweleza kwamba hata wanaoamini hizo dunia nyingi wanasema hazikutani kamwe, kwa hiyo Ouma hawezi kurudi. Akanisikiliza kwa utulivu kuliko nilivyotegemea. Halafu akasema, "Shemeji, sisubiri arudi. Nataka tu kujua kuna dunia ambayo yule samaki alikuangukia wewe, ukaenda wewe, mume wangu akabaki. Unisamehe, lakini hiyo ndiyo inanipa usingizi."

Sato aliniangukia mimi katika dunia hii hii, ndugu zangu, ya sisi tunaokula na kulala. Niliyempeleka Ouma ziwani ni mimi, kwa kidole changu, na nililia pale mbele yake, yeye akanibembeleza akidhani namlilia rafiki.

Na kuna jambo linaninyima pumzi. Programu yetu inahifadhi kila matokeo, kwa tarehe na dakika. Sisi wenyewe tuliiweka hivyo ili wanafunzi wasidanganye. Ukishuka chini kabisa utaikuta ile asubuhi: kushoto, na chini ya dakika moja baadaye, kulia. Kishikwambi anacho yeye, na siku aliyovuka mumewe anaijua kuliko mimi.

Wazee wanataka nikichukue kabla ya Jumamosi. Nikikichukua, kufuta mistari miwili si kazi, na hakuna atakayejua mpaka nakufa. Nikimwambia ukweli, huenda akakubali kuzika, lakini nitakuwa nimemwondolea mume mara ya pili, na sijui kama nitatoka Rorya salama. Nao wamenipangia mimi nisome wasifu wa marehemu.

Mnitukane mkitaka, nimestahili, ila msiishie kwenye matusi. Kidole changu nakijua, nikikishika kile kishikwambi kitabonyeza tena. Nishaurini, nifanye nini?