Ini Linalopika Kupita Kiasi

Nimechoma mbuzi Lusahunga miaka mingi, wateja wangu wakubwa ni madereva wa malori, na kila nyongo niliyoitoa nimeitupa kwa dharau. Kwa hiyo daktari alipoutoa mfuko wangu wa nyongo uliojaa mawe, nilijua kesi imekwisha.

Kumbe wapi! Tangu hapo kila nikila, tumbo lilinitimua kama mwizi wa kuku.

Aibu yenyewe ilinikuta Kanazi, tulipokwenda kumposea mtoto wa kaka yangu. Msemaji nilikuwa mimi. Tukala ndizi na nyama, nikasimama, nikasema, "Wazee wangu, shikamooni." Kabla hawajaitikia, nikatoka mbio kupitia migombani mpaka chooni. Wenyeji wakadhani nimesusa. Baba wa binti akanifuata na wazee wawili, wakasimama mlangoni.

"Mkwe, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea kitu!"

"Basi toka tuzungumze."

"Siwezi kutoka!"

Kisha nikamsikia mmoja akinong'ona, "Huyu kakasirika kweli."

Posa ilikubaliwa, ila shemeji yangu, aliyenisubiri kila gari liliposimamishwa kwa ajili yangu njiani, aliapa kwamba hapandi tena gari moja na mimi mpaka nitibiwe.

Nikaenda hospitali kubwa. Daktari, binti mdogo tu, aliniamkia kwa adabu, halafu akaniuliza maswali ambayo hata mke wangu hajathubutu kuyauliza. Akaniambia nirudi asubuhi bila kula chochote. Niliporudi, akashika sindano.

"Daktari, ugonjwa uko chini," nikamwambia, "mkono umekosa nini?"

Akacheka. "Mzee, nyongo ikimaliza kazi utumboni hurudi kwenye ini. Nahisi yako hairudi. Inakukimbiza chooni, na ini linapika nyingine kufidia. Kuna kitu ndani ya damu kinachoonyesha linapika kwa kasi gani."

Damu ikapelekwa mbali. Majibu yalichelewa, lakini yalipokuja yalisema wazi: ini langu linapika kama lina harusi kila siku.

"Afadhali," alisema mke wangu. "Kumbe kuna kiungo chako kinachojituma."

Nikapewa unga wa kukoroga kwenye maji, eti unainasa nyongo. Ni kama kunywa mchanga, lakini tumbo likatulia. Jumapili iliyofuata nilikaa katikati ya benchi kanisani, nikasikiliza mahubiri mwanzo hadi mwisho. Yalikuwa marefu kupita kiasi, na sikuwa na kisingizio cha kutoka.