Ukurasa Alioishia Mama wa Ilomba

Nilimwahidi mama mmoja wa Ilomba, jijini Mbeya, kwamba sitaupita ukurasa wake. Mwanzoni mwa juma hili binti yake alinipigia simu akasema, "Kaka, mama ametutoka," na tangu hapo ahadi ile inanitia hofu ambayo elimu yangu ya chuo imeshindwa kuituliza.

Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu. Kwa kuwa riwaya tulizozipenda ni adimu madukani kwetu, tulisoma nakala moja watu wawili. Alisoma sura kadhaa, akakunja pembe ya ukurasa, akamkabidhi kitabu kondakta wa basi la asubuhi. Nami nikaipokea Ipogolo, hapa Iringa, nikasoma hadi penye mkunjo, wala si mstari mmoja zaidi. Kisha tulizungumza kwa simu na kitabu kikarudi Mbeya. Sheria ilikuwa yake. "Ukinipita, mwanangu, utajua nisiyoyajua, na mazungumzo yatakufa." Nilipomsihi anidokeze yaliyo mbele, alicheka: "Kumbe hulali! Subiri zamu yako. Kwanza niambie, umefurahia nini?" Hakuwahi kuniuliza nimejifunza nini. Mafunzo mtu anaweza kuyabuni. Furaha ya kitabu haijulikani ila kwa aliyekisoma.

Msibani nilikikuta kitabu chetu mezani, kimefungwa kwa kanga. Dada mkubwa wa marehemu hakutaka kiguswe.

"Kilikuwa kifuani pake alipokata roho. Mzikeni nacho. Atakayekisoma, kifo kitamfuata."

"Mama mkubwa, hizo ni karatasi tu," binti alisema.

"Karatasi? Haya, kifungue wewe!"

Binti hakukifungua. Mimi pia, niliyezoea kukemea ushirikina katika safu hii ya gazeti, niliurudisha mkono wangu. Mama mkubwa akanigeukia. "Na wewe msomi, mbona umenyamaza?"

Nilinyamaza kwa sababu hofu yangu haikuwa ya mizimu. Kitabu kikizikwa, ahadi yangu ingebaki safi, lakini mazungumzo yetu yangefukiwa pamoja naye. Nikikichukua, ningeujua mwisho ambao yeye hakuujua, na nisiwe na mtu wa kumpigia simu.

Ndipo binti aliponivuta kando, akanisimulia siku za mwisho za mama yake wodini. Kila aliyekuja kumjulia hali, mama alimuuliza anasoma nini. Walikuja walimu wenzake, wakaja na wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa ni watu wa ofisi. Mmoja alijibu, "Mimi siku hizi nasoma meseji tu, mwalimu," na wodi nzima ikacheka. Mama naye alicheka. Wageni walipoondoka, aligeukia ukutani akasema, "Naogopa, mwanangu. Hawa ndio niliowafundisha mimi."

Maneno hayo yalinitisha kuliko laana yoyote. Miji yetu hii miwili ina vyuo, na kila mwaka tunashona majoho na kupiga picha. Tukikutana tunaulizana habari za kazi, viwanja na magari. Baadaye, niliporudi kazini, niliwauliza wenzangu wanasoma kitabu gani kwa sasa. Wakatazamana kana kwamba nimewauliza juu ya ugonjwa wa aibu. Naogopa jamii ambamo mtu mzima hana cha kumwambia mwenzake kuhusu kilichomgusa moyo akiwa peke yake. Jamii hiyo itakuja kuambiwa na wengine nini cha kupenda na nani wa kumchukia, na itaitikia.

Pale msibani, kabla jeneza halijafungwa, nilimwomba mama mkubwa kitabu kile. Alikichukua mezani, akanipa. "Likikupata jambo, usije kunililia mimi."

Nilipofika Iringa nilimpigia binti simu, nikaufungua mkunjo, nikaanza kumsomea kwa sauti ukurasa uliofuata. Nilipokwama, nilimsikia akivuta pumzi upande wa pili. "Endelea, kaka," alisema. "Nipo."

Niliendelea, na hofu haijaniisha. Nimevunja ahadi niliyompa mtu asiyeweza tena kunisamehe, ila naamini kwamba alichotaka nikilinde ni mazungumzo, na ukurasa ulikuwa uzio wake tu. Kwako msomaji nina ombi moja. Leo, mpigie mtu mmoja simu, umwambie unasoma kitabu gani na nini ndani yake kinakufurahisha. Kama huna kitabu, muulize anasoma nini yeye, kisha umsikilize.