Mselem na Uzio wa Mkonge

Mselem wa mtaa wa Rosettenville ukimkuta kanyamaza, ujue kuna jambo. Mtu wa Tanga yule, anaongea hata akitafuna. Lakini mwezi wa tano huu, kwenye shamba moja kubwa nje ya Johannesburg, mdomo ulifungika.

Walimchukua kwa kibarua cha kusafisha shamba kabla ya baridi: kuchoma nyasi kavu kando ya uzio ili moto wa jirani usivuke, na kung'oa mimea ya kigeni. Atakayefanya vizuri anaajiriwa moja kwa moja, na Mselem alishamwahidi mkewe Mayasa kwamba huyo ni yeye.

Siku ya kwanza Théodore, msimamizi wao, Mrundi, akawaonyesha adui. Mselem akatazama. Mkonge.

"Huu?"

"Huo. Toa wote, mzee. Ni magugu."

"Théodore, baba yangu kanisomesha kwa kukata mkonge."

"Basi alikata kidogo. Ng'oa."

Akang'oa, roho inamuuma kama anachinja ng'ombe wa maziwa. Ila miche michanga ilimshinda kuitupa. Kwao mkonge ndio uzio, ukiupanda mpakani hapiti mbuzi wala mwizi. Basi wenzake wakienda kula pap, ugali wa huko, yeye na jembe, anaipanda kando ya seng'enge, mstari umenyooka kama wa mashamba ya Korogwe. Zawadi ya mwenye shamba. Akiiona, kazi si yake?

Mwenye shamba, mama wa Kikaburu, Anneke, akaja na wageni wa mambo ya mazingira, awaonyeshe shamba lilivyosafika. Mselem akajipanga mbele ya mstari wake, dole gumba juu.

"Sharp, Madam? Safi?"

Mama akaufuata ule mstari kwa macho mpaka bondeni. Hakufoka. Angefoka ingekuwa afadhali. Aliketi chini kwenye nyasi, mama mzima, mikono kichwani. Mselem dole likabaki hewani, halina pa kwenda.

Mama akasema kitu polepole. Théodore akamgeukia Mselem, akatafsiri.

"Anasema ametumia nusu ya maisha kuumaliza huo mkonge. Anasema ubaki, mzee, uung'oe, maana uliko unajua wewe tu."

"Nibaki mpaka lini?"

"Mpaka usichipue tena."

Mselem akaihesabu miche kwa macho. Mkonge anaujua, ukiacha kizizi kimoja, mvua ikinyesha umerudi.

Jioni akampigia Mayasa.

"Nimeajiriwa."

"Alhamdulillahi. Kazi gani, baba Najma?"

Mayasa akadhani simu imekatika.