Siku Mjomba Alipomdhamini Baba

Mimi ni mtu wa kurudia vitu. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma. Nikiandika barua na mstari mmoja ukapinda, naichana na kuanza upya, hata kama karatasi ile ndiyo ya mwisho nyumbani. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani kwamba hofu yangu ililetwa na ofisi ya wageni. Hofu nilikuwa nayo tangu zamani. Ofisi iliipa kazi tu.

Baba yangu ni mzaliwa wa Ujiji, ng'ambo ya ziwa. Alivuka akiwa kijana, akapata kazi ya kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli hapa Kalemie, akamwoa mama, mwanamke wa kabila la Watabwa wa upande wa Moba. Kwao hakurudi tena ila mara mbili, kuzika. Miaka yote ya kazi, habari ya kibali cha kukaa hatukuijua nyumbani. Kampuni ilikusanya kadi za wafanyakazi wageni, ikazipeleka ofisini, ikazirudisha zimegongwa muhuri. Mimi na wadogo zangu tuliandikwa kwenye kadi hiyo hiyo, chini ya jina lake.

Alipostaafu, kampuni haikuichukua tena kadi yake. Akaipeleka mwenyewe, amevaa shati la kanisani. Wakamwambia kibali kile kilikuwa cha kazi, na kazi imekwisha.

Kuanzia hapo tukawa watu wa kusoma matangazo. La kwanza, lililobandikwa mlangoni pa ofisi, lilisema mgeni mstaafu alete barua ya mwajiri wake wa zamani. Tulipoileta, tangazo lilikuwa limefunikwa na jingine: mgeni mstaafu aonyeshe kwamba anatunzwa na pensheni ya nchi yake. Nilimsomea baba palepale kwenye ngazi.

"Nchi yangu ipi?" akauliza. "Mimi kule sikufanya kazi hata siku moja. Nilikuwa mtoto wa kuiba miwa."

Kanuni ile ilikuwa imemfikiria Mzungu mzee anayeletewa pesa kutoka Ulaya na kunywa kahawa yake akitazama ziwa. Mtu wa Ujiji haikumfikiria. Na Wazungu wa namna hiyo, waliobaki wachache mjini, sikuwahi kumwona hata mmoja kwenye foleni yetu.

Tangazo la tatu ndilo lililotukamata. Mgeni mstaafu asiye na pensheni ya kwao alete mdhamini, raia, ndugu wa damu au wa ndoa, atakayesema mbele ya ofisa kwamba anamjua na atajibu kwa ajili yake. Asiyekuwa na mdhamini atatoka kwa njia ya bandari, akaombe viza kwenye ubalozi mdogo wa nchi hii ulioko Kigoma, na wote walioandikwa kwenye kadi yake watatoka pamoja naye. Mama ni raia. Angebaki. Sisi tungevuka na baba na kungoja huko, bila kujua tunangoja nini.

Mama alikwenda mwenyewe kusema atamdhamini mumewe. Ofisa alicheka bila ubaya. Mke, alimweleza, hawezi kuweka sahihi bila ruhusa ya mume, sasa huyo anayeombewa atatoaje ruhusa ya kuombewa? Mama alirudi akavua viatu, akavitupa uani.

"Basi ni kaka yako," nikasema.

Baba akasimama. "Mimi niende kuomba kwa shemeji? Mimi?"

Kwetu mkwe haombi. Mkwe hutoa, hunyamaza, hungoja aitwe. Kwa hiyo hakwenda. Mama ndiye aliyetuma neno kwa watu wa mtumbwi wa Moba, nao wakalipandisha kwa lori hadi Pepa, mlimani, ambako mjomba alikuwa anachunga ng'ombe.

Akashuka baada ya wiki kadhaa, ndani ya koti zito la baridi ya kule, anatiririka jasho. Hakukaa hata kidogo kabla ya kuanza.

"Wee muntu wa Ujiji! Bado uko muzima? Nilikuja na koti ya matanga."

"Ni harufu ya ng'ombe imefika kwanza," baba akajibu. "Nikajua shemeji yuko nyuma yake."

"Njo hivyo, kweli. Ng'ombe iko na adabu. Inatangulia mukubwa wake."

Wakashikana mikono muda mrefu. Mashemeji kwetu hawaamkiani kwa heshima, wanatukanana, na anayetukana vizuri ndiye anayependa. Sifa za shemeji zina siku yake, nayo ni siku ya matanga, mwenyewe akiwa amelala hasikii. Kumsifu mbele yake ni kumchimbia kaburi. Nimekulia ndani ya desturi hii kama nilivyokulia ndani ya upepo wa ziwa, na labda ndiyo sababu sikuifikiria hata mara moja nilipokuwa nikiandaa kila kitu kingine.

Niliandaa mno. Shule niliiacha kabla ya kumaliza, na Kifaransa changu nilikiokota peke yangu kwenye vitabu vya mashine ambavyo baba alileta kutoka karakanani. Nilijua kutaja valvu na boliti kabla sijajua kusema pole. Kwa vile ofisa alikuwa mtu wa mbali, wa kule mto mkubwa unakoteremkia, wa Lingala na Kifaransa, na Kiswahili chake kilikuwa cha vipande, mimi ndiye ningetafsiri. Nilimfundisha mjomba maneno yake uani mpaka akachoka.

"Mujomba, sema: namujua, na nitajibu kwa ajili yake."

"Mwipwa wangu, mimi nachunga ng'ombe ya watu, haipotei hata moja. Nitashindwa na huyu mumoja?"

"Usiseme ng'ombe, Mujomba. Tafadhali. Ng'ombe usiwataje."

Kabla ya kutoka nilikagua kola ya baba, kucha za mjomba, na bahasha ya karatasi zetu, ndani na nje. Njiani nikasimama kuifungua tena. Mama akaninyang'anya.

Ofisini mama alibaki kwenye korido. Ofisa alimwita mjomba "sitwayeni", kama raia wote wanavyoitwa sasa. Ila baba, ofisa alimwita "mesye", neno la Kifaransa la kumwitia mgeni. Sikuwahi kusikia mtu akimwita baba hivyo. Mtaani yeye ni Papa, na watu wa karakana walimwita Mwalimu. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuuza kitu.

"Sitwayeni," ofisa akauliza, "huyu muntu, unamujua?"

Mjomba akageuka. Akamwona shemeji yake ameketi wima, kola imebana, mikono juu ya magoti kama mtoto wa komunyo ya kwanza kanisani. Nikaliona lile tabasamu likipanda, na sikuwa na la kufanya.

"Huyu? Tangu aingie hapa ndagala zimepunguka ziwani. Mumurudishe kwao, hata leo. Mutuachie dada yetu, na baiskeli yake."

Baba akaangua kicheko. "Na huyu mumurudishe kwa ng'ombe zake, zinamulilia."

Walicheka wote wawili, mjomba akipiga goti lake. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile baba alikuwa amekaa vizuri kwenye kiti. Ofisa hakucheka. Aliandika. Kiswahili chake cha vipande kilikuwa kimetosha.

"Mdhamini amekataa," akaniambia kwa Kifaransa.

Sijui nilisema nini. Nilisema mengi. Nilieleza utani wa mashemeji kwa maneno ya injini, nikasema ni msuguano wa kawaida, ni wa kupasha moto tu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Alinyanyua mkono. Hapa si mahali pa mchezo, akasema. Aseme sasa hivi, kwa heshima, mbele ya mhusika, huyu ni mtu wa namna gani na kwa nini akae. Ama aondoke.

Nikamtafsiria mjomba. Uso wake ulibadilika kabisa.

"Hiyo siwezi."

"Mujomba, ni maneno mawili tu!"

"Mwipwa, unataka nimuzike baba yako hapa mbele ya meza?"

Nilitamani kumpiga. Ninalikiri hili kwa sababu ni kweli: nilitamani kumpiga kaka ya mama yangu, na wakati huohuo nilijua kwamba yeye ndiye aliye sawa.

"Asiseme," baba akasema, akisimama. "Niacheni. Nitavuka."

Ndipo mama alipoingia kutoka koridoni bila kubisha hodi. Hakumtazama ofisa. Alimshika baba kwenye kiwiko, akamtoa hadi barazani, akamsimamisha nje ya dirisha lililokuwa wazi, akamgeuza aelekee ziwa.

"Kaa hapo. Utupe mugongo."

Ofisa akasema mhusika lazima awepo.

"Hayupo?" mama akauliza. "Haumuoni?"

Ofisa alitazama lile shati jeupe dirishani, akaweka kalamu chini. Nilitafsiri alichosema: basi, aseme.

Mjomba alivua koti. Hakulitundika kwenye kiti, alilikunja polepole, akalishika mbele kama mtu anayeshika kofia makaburini. Akaongea akitazama sakafu, kwa sauti ambayo nimeisikia kwenye misiba tu.

"Mulikuwa hamumujui huyu. Mama yetu aliugua, wakamuleta kwa mutumbwi, mimi sikuwako. Bandarini hakukuwa na gari. Huyu alimubeba mugongoni mupaka hospitali. Mama mukwe wake. Kwetu mukwe hagusi mama mukwe, ni haya kubwa. Alibeba mama, akabeba na haya. Watu walimucheka njiani. Mimi nilisikia kwa watu. Yeye hakunihadisia, mupaka leo. Huyu si wa kurudishwa. Hana pa kurudishwa. Kwao ni hapa."

Nikatafsiri. Nilifika kwenye sentensi za mwisho, Kifaransa kikaniishia, nikasema kwamba ameunganishwa nasi kwa kuchomelewa. Ofisa aliniangalia kidogo, kisha akaandika.

Mgongo wa baba dirishani haukutikisika hata kidogo. Mtu asiyesikia angejikuna, angehamisha mguu.

Kibali kilikuwa cha mwaka mmoja. Nilikagua tarehe mlangoni, nikaikagua tena kwenye ngazi. Nilingoja furaha. Tulitembea kuteremka wote wanne, na hakuna aliyemtukana mwenzake. Mjomba alikuwa na mzigo wake tayari, akaenda moja kwa moja bandarini, akisema ng'ombe hazina muntu wa kuzichunga. Jioni baba hakumaliza ugali.

"Sasa siku nikifa," akamwambia mama, "kaka yako atasema nini?"

Miezi ilipita. Mjomba alirudi mjini kununua chumvi na dawa za mifugo, akafika kwetu mchana. Nilitoka mbio hadi uani kwa sababu nilitaka kuwasikia wakitukanana. Alisimama mbele ya baba, akainamisha kichwa.

"Jambo, shemeji. Habari ya afya?"

Baba akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Nani amekufa?"

"Hakuna," mjomba akasema. "Nasalimia tu."

Baba alijaribu. Aliuliza kama ng'ombe bado zinamvumilia. Mjomba akajibu kwamba ng'ombe hazijambo, asante. Alikula akiangalia sahani, akasifu samaki, akatoka kunawa na akakaa huko nje muda mrefu kuliko mtu anayenawa.

"Mama," baba akaniambia, maana ndivyo anavyoniita mimi binti yake, "hicho kibali kinaisha lini?"

Nikamwambia. Niliijua tarehe bila kutazama.

"Na mwaka ujao watataka aseme tena?"

"Watataka, Papa. Kama kanuni haijabadilika."

Akafikiri. "Basi nitavuka Kigoma mwenyewe, nikaombe hiyo viza. Afadhali niwe mgeni wa serikali kuliko wa shemeji."

"Na watoto walio kwenye kadi yako?" mama akauliza.

Baba aliinuka. Akaenda nje, na tukamsikia akimwambia mjomba kitu kwa sauti ya chini. Nilisogea mlangoni nikiwa na sahani mkononi, ili nisikie kama mjomba atacheka kama zamani.