Mmiliki: Mimi

Ilianza Jumanne, saa kumi na dakika ishirini jioni, nikianua nguo nyuma ya nyumba yetu hapa Atlabara, mjini Juba. Jirani yetu, dada wa mwaka wa kwanza chuoni, alichungulia juu ya ua akaniita.

"We Mkenya! Mimi iko na jaribio kesho. Kimwamwa ni nini?"

Shuka likaniponyoka.

Kimwamwa ni ukoko wa ugali. Tulipoishi Nakuru, mdogo wangu akiutafuna alifanya mwa-mwa-mwa, nasi tukauita hivyo. Mpaka juzijuzi niliamini ni neno la Kiswahili cha watu wote. Ndiyo maana nililiweka kwenye kamusi yangu ndogo ya Kiswahili na Kiarabu cha Juba, niliyoichapa kwenye simu ya mama likizo mbili nzima. Upande wa Kiarabu niliuacha wazi, sikujua hapa wanauitaje.

"Umelitoa wapi?"

Akanionyesha ukurasa wa masomo wa chuo. Maneno yangu yote, hata makosa yangu ya herufi. Juu kabisa jina la mjomba wangu, mhadhiri wao wa Kiswahili, na chini: Haki zote zimehifadhiwa. Nilikuwa nimemtumia kiungo cha faili langu la mtandaoni, chenye ruhusa ya kuandika, anisahihishie. Alichosahihisha ni jina langu tu.

Jioni hiyo alikuja kunywa chai kwetu kama kawaida. Mimi huwa siongei mbele ya watu, kwa hiyo nilikiambia kikombe.

"Mjomba, ile kamusi ni yangu."

Akacheka. "Binti, kilichoingia kwenye mtandao wa chuo ni cha chuo, na aliyekiingiza ni mimi. Wewe uko senior tatu, mtoto wa sekondari, nani atasoma jina lako? Khalas, yamekwisha."

"Lakini niliandika mimi."

"Heh! Huyu leo ana mdomo? Juzi hata salamu haitikii!"

Mama naye akacheka. "Mpe mjomba wako sukari."

Nikampa vijiko vitatu, na kila kimoja nilitamani kiwe chumvi. Sikutaka aniombe msamaha. Nilitaka aaibike mbele ya watu, kama ninavyoaibika mimi nikiitwa tu ubaoni.

Alipoondoka nikafungua faili, mara ya kwanza tangu nimtumie. Jina lake limekaa pale pale pangu. Ndipo nikaelewa: chuoni hakuweka nakala. Aliweka kiungo tu, na mwanafunzi akikibonyeza anafungua faili langu mimi. Pembeni, kwa herufi ndogo, paliandikwa: Mmiliki: mimi. Nikasoma tena na tena. Sikumwambia mtu, maana kunyamaza nakuweza.

Asubuhi nilimwambia mama tumbo linauma, nikabaki nyumbani na simu yake. Kipindi cha mjomba huanza saa mbili. Jirani anasema huonyesha kamusi ukutani kwa projekta darasa zima lisome. Kwanza nikahifadhi nakala yangu mahali pengine. Kisha nikamfungia mjomba asiweze kubadili hata nukta. Saa mbili na dakika tano nikafuta maneno yote, nikabakiza kimwamwa, neno la nyumbani kwetu Nakuru, ambako mjomba hakuwahi kuishi. Chini yake nikaandika: "Muulizeni mhadhiri wenu maana yake, si kamusi ni yake?"

Na pale juu, kwa herufi kubwa kuliko zote, nikaandika jina langu, majina yote matatu.