Tairi la Nyuma la Kushoto

Mimi mtu wa Tanga. Nikimwona mzee anakojolea tairi la gari ninaloendesha, siwazi maradhi, nawaza uchawi.

Mzee mwenyewe alikuwa baba wa madam wangu, Mwaustralia wa miaka themanini na ushei, aliyekuja Dubai kuishi kwa binti yake, mtaa wa Al Twar, baada ya kufiwa na mkewe. Kila nikitoa gari, anazunguka nyuma, anafungua zipu, analilowesha tairi la kushoto huku ananong'ona majina. Kisha anapanda na kuniambia, "Yalla," yaani twende, kama vile hakuna lililotokea. Na choo kiko hatua kumi! Niliyahesabu yale majina: sita, yale yale kila siku. Nikawa natega sikio nisikie kama langu limo.

Nikaosha tairi kwa maji ya chumvi, nikasoma dua. Hofu haikuisha, nikamsemea kwa madam. Wallahi nilijua anatafuta sababu tu ya kumrudisha mzee Australia, kwenye nyumba ya kulea wazee, na mzee alishasema hataki kwenda kufia kwa watu asiowajua. Nilijua, na bado nikasema.

"Khalas, akili imemwishia," madam akasema, akatafuta daktari mtaa wa Oud Metha.

Siku hiyo madam alitangulia kuingia kwa daktari, tukabaki nje wawili. Nikashindwa kuvumilia.

"Sir, gari langu limekukosea nini?"

Akacheka. Akaniambia kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa kijana wa miaka ishirini, Uingereza, kwenye ndege ya mabomu, na kazi yake ilikuwa kuyadondosha. Ndani walikuwa saba. Kila walipotaka kuruka, wote saba walikojolea gurudumu la nyuma, ndiyo kinga yao, na kila mara walirudi. Siku moja homa ikamlaza. Aliyeshika nafasi yake akawacheka wenzake, akapanda bila kukojoa. Ndege haikurudi.

"Wale sita ni wenzangu," akasema.

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nikaingia kwa daktari bila hodi, nikamweleza madam yote. Akanitazama kwa shaka ile ile niliyokuwa namtazama nayo baba yake.

"Baba yangu hajawahi kunisimulia vita hata siku moja. Aje akusimulie wewe, dereva? Unaogopa akiondoka utakosa kazi, ndiyo maana unatunga."

Akamwita ndani. "Baba, umemwambia huyu habari za vita?"

Mzee akanitazama, kisha akamtazama binti yake. Moyoni nilikuwa namsihi: sema, mzee wangu, sema tu.

"Vita gani?" akajibu, kwa sauti thabiti ya mtu mwenye akili zake zote, aliyeamua siri yake aende nayo.

Daktari akaandika kwamba kumbukumbu zimempotea. Mwezi haukuisha, mzee akarudishwa kwao, na aliyempeleka uwanja wa ndege ni mimi.